Msaidizi Si Mkuu Aliyechelewa

Katika lugha yetu ya kazini kuna swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya upole, lakini ndani yake mna sumu: "Bado uko palepale?" Huulizwa makamu mkuu wa shule aliyekaa katika nafasi hiyo miaka 15. Huulizwa fundi mchundo, muuguzi wa zamu na karani wa masjala. Anayeuliza hana haja ya jibu. Amekwisha kuhukumu kwamba asiyepanda ameshindwa, na kwamba nafasi ya pili ni kama benchi la kituo cha basi: mtu hukaa hapo akingoja, na asipoondoka watu humwonea huruma.

Wazo hilo nalipinga tangu juu hadi chini. Nimekuwa mwalimu, nimekuwa mkufunzi, na hatimaye nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimewahi kuwa msaidizi na nimewahi kuwa na wasaidizi. Hata hivyo mfano wangu wa leo hautakuwa wa nyumbani, maana mfano wa nyumbani huleta ugomvi wa majina, na ugomvi wa majina huua hoja. Nitachukua mfano wa mbali, katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ambako kazi ya kocha msaidizi inalionyesha jambo hili waziwazi.

Msomaji asiyeufuata mchezo huo yafaa aelezwe kwanza. Timu ya chuo kikuu huko si jambo la kujifurahisha jioni baada ya masomo. Hujaza kumbi zenye maelfu ya watu, na kila mwaka ifikapo Machi mashindano yao hutazamwa nchi nzima. Anayejulikana ni kocha mkuu. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kila siku hubebwa na wasaidizi. Ndio wanaosafiri huku na huko kutafuta vijana wenye vipaji. Ndio wanaokesha wakitazama filamu za timu pinzani. Ndio wanaomchukua kijana mmoja mmoja pembeni na kumfundisha namna ya kuweka miguu, namna ya kulenga, namna ya kumkinga mpinzani. Mara nyingi ndio pia wanaofuatilia kama kijana amehudhuria darasani. Timu ikishinda, anayesifiwa ni mkuu. Mkuu akifukuzwa, mara nyingi nao hufungasha virago pamoja naye.

Sasa nimtaje mtu mmoja. Bill Guthridge alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Parsons, jimbo la Kansas. Alicheza mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha Kansas State, na mwaka 1958 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Baadaye alirudi chuoni hapo akawa msaidizi wa kocha wake mwenyewe, Tex Winter. Mwaka 1967 alihamia Chuo Kikuu cha North Carolina, akawa msaidizi wa Dean Smith. Alikaa katika nafasi hiyo miaka 30.

Miaka 30, msomaji. Mtoto huzaliwa, akasoma, akaoa, akapata watoto wake, na mtu yule bado amekaa kwenye kiti kilekile kando ya mkuu wake. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1997 timu yao ilifika nusu fainali ya taifa mara 10. Ilichukua ubingwa mwaka 1982, ilipoifunga Georgetown pointi 63 kwa 62, na tena mwaka 1993, ilipoifunga Michigan 77 kwa 71. Mwaka 1976 Smith alipoiongoza timu ya taifa ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Guthridge alikuwa msaidizi wake huko pia, na wakarudi na dhahabu. Smith alistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi wa michezo 879, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa daraja la juu la vyuo aliyekuwa ameifikia hadi siku hiyo. Katika hesabu za michezo, ushindi wote huo umeandikwa kwa jina moja. Kitabu cha hesabu hakina safu ya msaidizi.

Wapo watakaosema kuwa Guthridge alibaki pale kwa kukosa pa kwenda. Si kweli. Mwaka 1978 alikubali kazi ya ukocha mkuu katika chuo kikuu cha Penn State, kisha akabadili nia, akabaki alipokuwa. Mlango ulikuwa wazi, naye akaufunga kwa mkono wake. Wahenga wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na usemi huo tumeutumia mno kuhalalisha fitina za maofisini. Guthridge na Smith walikaa zizi moja miaka 30. Methali ile ni ya mafahali. Binadamu amepewa akili ya kugawana kazi.

Mwaka 1997, Smith alipoondoka ghafla wiki chache tu kabla ya msimu kuanza, Guthridge alipewa timu akiwa na umri wa miaka 60. Msimu huo wa kwanza alishinda michezo 34 na kushindwa minne. Hakuna kocha mkuu wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amewahi kushinda michezo mingi hivyo. Alifika nusu fainali mwaka 1998, akafika tena mwaka 2000, na baada ya misimu mitatu yenye ushindi 80 na kushindwa 28 akastaafu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema, "Unaona? Hatimaye alifanikiwa!" Kana kwamba ile miaka 30 ilikuwa giza na mitatu ndiyo iliyokuwa mchana. Mimi nasema kinyume. Misimu ile mitatu haikumtengeneza Guthridge. Ilionyesha tu kwa wasioona kile kilichokuwako siku zote. Na tazama jambo moja alilofanya akiwa mkuu. Timu hupeleka uwanjani wachezaji watano wa kuanzia, naye katika msimu wa 1997 hadi 1998 alikuwa na sita wanaostahili: Antawn Jamison, Vince Carter, Shammond Williams, Ed Cota, Ademola Okulaja aliyezaliwa Nigeria, na Makhtar N'Diaye wa Senegal. Hakumchagua mmoja wa kumvunja moyo. Aliwapanga kwa zamu, kila mmoja akapata siku yake ya kuanzia benchi, hata wale waliokuwa nyota. Mtu anayeijua heshima ya kukaa benchi ndiye awezaye kumweka mwenzake benchi bila kumdhalilisha.

Naijua hoja ya upande wa pili, wala siidharau. Wataniambia kwamba kutamani kupanda ni jambo la kawaida, na kwamba bila tamaa hiyo dunia ingelala. Watanitajia Roy Williams. Yeye aliingia North Carolina mwaka 1978 kama msaidizi wa chini kabisa, kwa malipo ya dola 2,700 kwa mwaka, akawa anauza kalenda na kusafirisha kanda za kipindi cha televisheni cha kocha mkuu ili familia yake ipate kula. Mwaka 1988 alipata ukocha mkuu wa Kansas, kisha akarudi North Carolina na kuchukua ubingwa wa taifa mara tatu. Nampongeza. Sikatazi mtu kupanda ngazi. Ninachokataa ni kumwambia anayebaki kwenye daraja la kazi yake kwamba amekaa njiani na kuwazibia wengine. Williams alikuwa na njia yake, Guthridge alikuwa na kituo chake, na timu iliwahitaji wote wawili.

Lakini nisimalizie hapo, maana kuna adui wa pili, naye ni mbaya zaidi kwa sababu huja akitabasamu. Wa kwanza humdharau msaidizi. Wa pili humsifu sana: humwita mwaminifu, mnyenyekevu, mtu wa kujitolea, kisha humlipa makombo. Sifa zake zote ni njia ya kuficha pochi.

Ushahidi upo. Kuanzia mwaka 1992 chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, kilitumia kanuni iliyounda daraja maalumu la makocha wasaidizi wasioruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka wa masomo, na dola 4,000 wakati wa kiangazi. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri masikioni: kupunguza gharama, kuweka usawa kati ya vyuo, na kuwaachia chipukizi nafasi ya kujifunza kazi. Wala kanuni hiyo haikuwawekea makocha wakuu kikomo cha namna hiyo. Tulipunguza gharama, ndiyo, lakini kwenye sahani ya nani?

Makocha hao hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani kwa sheria inayokataza wenye biashara kupatana bei kwa siri au kwa wazi. Mahakama ya wilaya iliwapa haki mwaka 1995, na mwaka 1998 mahakama ya rufani ikathibitisha kwamba vyuo havina ruhusa ya kukaa pamoja na kupanga kikomo cha mshahara wa watu. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama lilikadiria hasara yao kuwa zaidi ya dola milioni 22, kiasi ambacho kwa sheria ile huzidishwa mara tatu. Mwaka 1999 chama kikakubali kulipa dola milioni 54.5 kumaliza shauri. Nimelitaja shauri hili ili msomaji asidhani kuwa nikisifu uaminifu wa Guthridge ninahubiri umaskini. Uaminifu ni zawadi ya mfanyakazi. Mwajiri hana haki ya kuukata kwenye mshahara.

Na sisi je? Watanzania tulishangilia, tena kwa haki, mwaka 2009, wakati kijana wetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa wa Marekani, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut alikocheza misimu mitatu. Wengi walilijua jina la kocha mkuu wake, Jim Calhoun. Ni wangapi waliouliza majina ya wasaidizi waliokuwa wakisimama naye mazoezini siku baada ya siku? Hatukuuliza, kwa sababu hata shuleni kwetu hatuulizi. Mwanafunzi akifaulu, tunampongeza mkuu wa shule.

Nimeyaona haya katika ualimu kwa macho yangu. Mkuu wa chuo hukaa katika vikao, husaini hundi, hupokea wageni. Makamu ndiye anayejua ni mwanachuo gani ameacha kula, ni mkufunzi gani anaingia darasani bila andalio la somo, na ni shule gani ya mazoezi haina chaki. Wanachuo waliotoka mikononi mwangu wakiwa walimu wazuri, wengi walitengenezwa na watu ambao majina yao hayakuwahi kusomwa kwenye mahafali. Na nimeona zaidi ya mara moja mkufunzi hodari kabisa wa hisabati akiondolewa darasani na kupewa ofisi, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumwongezea heshima na mshahara. Siku ile tulipata ofisa mmoja wa kawaida na kupoteza mwalimu asiyepatikana kila mwaka. Watu walipiga makofi. Waliostahili kulia ni wanafunzi, nao hawakuwa wamealikwa.

Basi nadai mambo mawili, na sidhani kuwa ni makubwa. La kwanza, mwenye kazi ya pili alipwe kwa uzito wa kazi yake na miaka ya ujuzi wake, ili asilazimike kuikimbia kazi anayoijua kwa ajili ya ada za watoto. La pili, tumpe jina lake. Hesabu za shule, za timu na za chuo ziwe na safu ya msaidizi, na siku ya kugawa sifa isomwe kwa sauti ileile inayosomewa jina la mkuu. Cheo ni dhamana, tulifundishwa hivyo tukiwa vijana. Lakini dhamana haianzi kwenye kiti cha juu peke yake.

Dean Smith alifariki Februari 2015 na Bill Guthridge akamfuata Mei ya mwaka huohuo, mmoja akiwa na miaka 83 na mwingine 77. Katika miaka 30 hakuna aliyemwona wa pili akimwonea wivu wa kwanza mbele za watu, wala wa kwanza akimficha wa pili. Atakayekutana na mtu wa namna hiyo ofisini kwake kesho asubuhi asimwulize kama bado yuko palepale. Amshukuru kwamba yupo, kisha aangalie hati yake ya mshahara.