Mama akiongea na mtoto njiti, usimcheke

Ukienda kumwona rafiki yako aliyejifungua kabla ya siku zake, umkute ameinama kando ya inkubeta akimpigia stori mtoto wa kilo moja, usimcheke. Usimuulize, "Kwani anakusikia?" Anamsikia. Tena anamjua.

Mtoto huanza kusikia mimba ikiwa na miezi sita hivi. Sauti inayomfikia vizuri zaidi humo ndani ni ya mamake, maana inapitia mwilini moja kwa moja. Mwaka 1980, watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto wa siku chache tu hubadilisha jinsi anavyonyonya chuchu bandia ili asikie sauti ya mamake, si ya mwanamke mwingine.

Sasa mfikirie aliyezaliwa wiki ya 28. Wiki kama 12 za kumsikiliza mama zimekatwa ghafla. Badala yake anasikia mashine zikilia na milango ikigongwa.

Mwaka 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti kuhusu watoto 46 waliozaliwa mapema sana. Baadhi yao walikuwa wakichezewa usiku rekodi ya mama zao wakisoma hadithi. Picha za ubongo zilionyesha kuwa njia moja muhimu ya lugha, upande wa kushoto, ilikuwa imekomaa zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Ndiyo, ni utafiti mdogo. Hautuambii kwamba watoto hao wataongea mapema, na sauti haichukui nafasi ya oksijeni wala daktari. Lakini ni msaada ambao hauuzwi duka la dawa.

Kama ni hivyo, mbona tunamfanya mama mgeni kwa mtoto wake mwenyewe?

Mara nyingi mama huruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto akabaki. Hapo ndipo hesabu ya nauli inaanza: matatu asubuhi, matatu jioni, kila siku, kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Atabebwa na nani ikiwa mama yuko Githurai akitafuta nauli?

Kisha kuna kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Mtoto akikaa wodini wiki kumi, mama anabaki na wiki tatu hivi za kuwa naye nyumbani. Uingereza, tangu Aprili 2025, wazazi wa watoto wachanga waliolazwa huongezewa likizo ya hadi wiki 12. Maoni yangu ni kwamba hata hapa Kenya, siku ambazo mtoto amelazwa hazifai kula likizo ya mama. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo. Na hospitali nazo zimpe mama mahali pa kulala karibu na wodi, hata kama ni godoro tu.

Wakati tunangoja sheria, wewe unaweza kufanya kitu. Badala ya kuchangia keki na maputo, changia nauli. Mpikie. Mchukulie mtoto wake mkubwa shuleni. Kama amekwama nyumbani, msaidie kurekodi sauti yake kwa simu, kisha aulize muuguzi kama inaweza kuchezwa, tena kwa sauti ya chini. Asome, aimbe, apige porojo. Iwe Kikamba, Kijaluo au Sheng, mtoto hachagui.

Na kama wewe ndiye baba, kifua unacho na sauti unayo. Ingia wodini.