Mgeni wa Tovuti Katoka Wapi?

Mtu wa Idsowe, kijiji kilicho karibu na Mto Tana nchini Kenya, akibofya kiungo kwenye simu, kivinjari humpeleka aendako na papo hapo huweza kutoa habari zake: anwani ya ukurasa anakotoka. Utaratibu huu ni wa tangu miaka ya 1990, na wenye tovuti wanaupenda kwa kuwa huwaonyesha wageni wao wametokea wapi. Je, tovuti ya umma inayomwelekeza mwananchi kwingine iifiche habari hiyo? Naona ni lazima, na zaidi kwa watu wa vijiji vidogo.

Anwani ya ukurasa hubeba mengi. Mwaka 2015 ilibainika kwamba HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya bima ya afya, ilikuwa ikiyafikishia makampuni ya matangazo umri wa mtu, kipato chake, kama anavuta sigara na kama ni mjamzito, kwa njia hiyo hiyo ya anwani. Sasa chukua fomu ya kuomba msaada wa mafuriko, maana Mto Tana tunaujua, ambayo anwani yake inataja kijiji, ujauzito na dawa anazotumia mwombaji. Nairobi, maelezo hayo yangeweza kuwa ya watu wengi mno. Idsowe, jirani angemtaja mtu kwa jina kabla chai haijapoa.

Chrome tangu 2020 na Firefox tangu 2021 kwa kawaida hutaja jina la tovuti tu mgeni anapohamia tovuti nyingine. Kwa gazeti au duka, hilo latosha kabisa. Kwa kliniki ya VVU halitoshi, kwani jina peke yake limeshatoboa siri. Na simu kuukuu yenye kivinjari cha zamani bado hutaja yote.

Ili kuificha anwani hiyo, wapo wanaompitisha mgeni kwenye ukurasa wa kampuni nyingine, kisha ndiyo aende aendako. Mimi siiamini njia hiyo: huyo wa katikati anajua alikotoka na anakokwenda, na anaweza kuyahifadhi yote mawili. Nayo seva ikimhamisha mgeni tu bila agizo lolote, kivinjari huendelea kubeba anwani ya mwanzo. Linalohitajika ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, unaokikataza kivinjari kutaja kitu.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 41, inadai ulinzi uwekwe tangu mfumo unapoundwa. Basi kaunti inayotengenezewa tovuti kwa fedha za umma iudai mstari huo ndani ya zabuni, na mkandarasi asiyeuweka asilipwe.