Iridiamu si dawa ya turbo

Jamani wadau, nimechoka na hadithi za kijiweni eti ukifunga plagi za iridiamu gari inapaa. Nguvu haitoki kwenye plagi! Iridiamu inadumu na inahitaji volti chache kutoa cheche, basi.

Injini iliyoongezwa presha ya turbo, mfano EJ20 ya Subaru, shida yake ni joto. Plagi isiyopoa haraka ncha inakuwa nyekundu, petroli inawaka kabla ya cheche, pistoni inatoboka. Ndiyo maana unahamia plagi ya baridi zaidi, hatua moja tu. Kwa NGK, 7 ni ya baridi kuliko 6. Kwa Bosch ni kinyume kabisa! Sasa muuzaji anayekwambia "namba kubwa ndo ya mbio" anakuuzia nini hasa?

Na nyie mnaorukia 9 halafu mnashinda foleni ya Ubungo (mnajijua): chini ya nyuzi kama 450 plagi haijisafishi, inajaa masizi, gari inakohoa.

Gepu nayo. Presha ikipanda, cheche inaweza kushindwa kuruka milimita 1.1, wengi hushusha mpaka karibu 0.8. Fundi wako ana fila geji, au anakadiria kwa jicho? Kamuulize kabla hajafunga.