Wingi wa mashine hautoshi kuokoa wagonjwa wa ICU

MJADALA kuhusu huduma kwa wagonjwa mahututi nchini umekuwa zaidi wa kuhesabu mashine. Mnamo 2020, janga la Covid-19 lilipobisha hodi, watafiti walikadiria kuwa Kenya ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kusaidia kupumua, na kilio kikawa kununua nyingine. Ni wachache waliouliza nani angezirekebisha kulingana na hali ya kila mgonjwa, saa baada ya saa.

Swali hilo ni zito. Mashine husukuma hewa mapafuni kwa kipimo kilichowekwa na daktari. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mashine ikiifanya yote, kiwambo hulala, na msuli usiotumika hukonda.

Hukonda kwa kasi ya kutisha. Mnamo 2008, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzao walichapisha uchunguzi wa viwambo vya watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa, na waliokuwa wamepumulishwa na mashine kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua ukubwa kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na za wagonjwa wa upasuaji waliotumia mashine kwa saa chache tu. Hata siku tatu hazikuwa zimetimia!

Kumwachia mgonjwa kazi kubwa mno nako kuna hasara, kwani kiwambo kilichochoka huumia. Watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha mnamo 2018 kwamba waliotoka kwenye mashine mapema zaidi ni wale ambao juhudi yao ya kupumua ilikaribia ile ya mtu mwenye afya aliyetulia.

Hapo ndipo daktari hujipata njia panda. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 ulithibitisha kuwa pumzi ndogo, mililita sita kwa kila kilo ya uzani uliokadiriwa kutokana na kimo, zilipunguza vifo vya wenye mapafu yaliyoharibika vibaya kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Lakini mgonjwa mwenye kiu ya hewa hushindana na mashine, hivyo hulazwa kwa dawa nzito za usingizi. Siku za kwanza, kuyatanguliza mapafu ni sahihi. Kosa ni kuiacha dawa iendelee hata hali inapotengemaa.

Mwaka huo huo wa 2000, madaktari wa Chicago walibaini kwamba kusimamisha dawa hizo kila siku, mgonjwa azinduke, kulipunguza muda wa kutumia mashine kutoka wastani wa siku 7.3 hadi 4.9.

Jambo hilo halihitaji mtambo mpya. Linahitaji muuguzi kando ya kitanda, maana anayezinduka aweza kuung'oa mpira ulio kooni. Muuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa kadhaa, dawa ya usingizi hugeuka kuwa mlinzi wake. Kila siku inayoongezeka humweka mgonjwa katika hatari ya nimonia, na jamaa zake, ambao pengine wamekwisha kuitisha harambee, huongezewa bili.

Mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti, uliozinduliwa 2015, ulipeleka mitambo ya ICU mashinani. Baadhi ya vifaa vya mpango huo vilikaa bila kutumika kwa kukosa wahudumu.