Mgonjwa na Mnana

Ugonjwa huja kwa ghafula, lakini afya hurudi polepole. Wako watu wengi wawezao kuvumilia maumivu ya kitandani, wakashindwa kuvumilia siku za kupona, ambazo maumivu yamekwisha lakini nguvu hazijarudi. Siku hizo ni za hatari, hasa kwa mwenye kifua kikuu. Dawa zake kwa kawaida hutumiwa kwa miezi 6. Na baada ya miezi 2 mgonjwa aweza kujiona mzima, akaziacha. Akiziacha, ugonjwa hurudi, na pengine dawa zile za kwanza zisiuweze tena.

Mkulima mmoja wa upande wa Kakamega alipatwa na jaribu hilo. Alianza dawa mwezi wa Aprili, wakati mbayuwayu wanapoondoka Kenya kurudi Ulaya na Asia. Mwezi wa Juni kikohozi kilikuwa kimetulia, naye akalitamani jembe lake. Mkewe akamwekea kiti uani, akamwambia, "Baba watoto, shamba halikimbii. Kaa hapa upate hewa safi."

Mbele ya kiti hicho palikuwa na mti uliojaa viota vya mnana, ndege mdogo wa manjano mwenye kichwa cheusi. Miaka yote mkulima huyo alimhesabu kuwa adui, kwa kuwa huchana majani ya mahindi ili asukie kiota. Hata watoto walikuwa wakitumwa kuviangusha viota kwa fito. Sasa, kwa kukosa kazi, alianza kumtazama.

Akaona ya kuwa dume ndiye fundi. Kwanza hufunga pete ya majani kwenye ncha ya tawi, kisha huongeza ukili kwa ukili mpaka kiota kikamilike. Halafu hujining'iniza mlangoni kichwa chini, akipiga mabawa na kuwaita majike. Jike huja, akaingia, akakagua. Kisipompendeza, huenda zake. Na majani yakianza kukauka, dume hukibomoa kiota kwa mdomo wake mwenyewe, akaanza tena. Mkulima alimhesabia dume mmoja viota 3 vilivyobomolewa. Cha 4 kilipokubaliwa alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu augue, hata mkewe akatoka jikoni mbio kuuliza kuna nini.

Mambo haya si upuuzi. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza habari za wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 ambao dirisha lao lilielekea miti walitoka mapema kidogo, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, kuliko wenzao 23 walioona ukuta wa matofali tu.

Hata hivyo, ndege haponyi kifua kikuu. Dawa ndiyo iponyayo. Alilofanya mnana ni kumpa mgonjwa sababu ya kukaa kitini pake, naye kila asubuhi alimeza dawa kwanza, ndipo akaenda kutazama. Mbayuwayu waliporudi mwezi wa Oktoba, dawa zilikuwa zimekwisha, na kohozi lake lilipopimwa halikuonekana na viini.

Basi mwenye mgonjwa nyumbani na amtolee kiti uani. Mkulima yule amerudi shambani, na mstari wa mahindi ulio karibu na mti ule huchanwa majani kila mwaka. Fito hazitumwi tena.