GRISI SI DAWA YA KUTU

Ndugu wafanya kazi,

Twaandika habari ya kitu kidogo, lakini kilikaribia kula mshahara wa mwenzetu.

Mwenzetu huyo ni fundi kwa tajiri mmoja ambaye hatumtaji jina. Usiku mmoja lori la tajiri lilizimika taa zote za nyuma kati ya Marungu na Voi, na malori makubwa ya Mombasa yakipita kwa kasi. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Asubuhi yake fundi akaambiwa atakatwa fedha za waya mpya.

Tuliomba kukiona kile kiungo cha waya. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani, na juu ya kutu grisi imeshindiliwa kama ugali sufuriani. Kosa lilikuwapo. Lakini la nani?

Grisi hii ya silikoni haipitishi umeme, na wengi wetu hatukuambiwa hivyo. Kazi yake ni kuzuia maji, vumbi na hewa ya chumvi. Plagi ikikazwa barabara, meno yake huisukuma grisi kando, yakagusana yenyewe, nayo grisi hubaki pembeni kama bawabu mlangoni. Ikipakwa juu ya kutu, kutu haiponi, bali inafungiwa ndani.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tufungue waya hasi wa betri. Pili, tusugue meno kwa mswaki mdogo na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, tungoje yakauke kabisa. Jino lililoliwa libadilishwe. Tatu, tupake utando mwembamba juu ya mpira wa kuzuia maji, na kidogo tu kwenye meno. Nne, tukaze mpaka kufuli ya plagi ilie. Tusitumie grisi ya magurudumu, maana mafuta yake huvimbisha mipira mingi. Wala tusiitie silikoni ndani ya swichi zenye cheche. Cheche huigeuza kuwa kama unga wa mchanga, na umeme hukatika.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa viberenge vyetu. Hapa Marungu vumbi jekundu huingia kila tundu wakati wa kiangazi, kisha mvua ya Novemba hulifanya tope. Gari likishuka Mombasa, hurudi na chumvi ya bahari.

Kusafisha kwataka saa nzima, na yule fundi alipewa dakika kumi, bila mswaki wala dawa, ila kopo la grisi na amri ya kufanya haraka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mfanya kazi kukatwa kiasi cha haki kwa mali aliyoiharibu kwa kusudi. Kunyimwa vifaa si kusudi. Wajumbe wa chama walimweleza tajiri hivyo, naye akaacha kumkata.

Maoni yetu ni haya. Matajiri watoe mswaki, dawa, grisi iliyo sawa na saa za kazi hiyo. Na sisi, tukipewa, tusiwe wavivu wa kuficha kutu chini ya grisi, kwa kuwa anayeendesha gizani ni ndugu yetu.

Umoja ni nguvu.

Sisi wafanya kazi wa reli, Marungu