Mdomo 'Nenda', Uso 'Thubutu!'

Wiki hii nina langu moyoni.

Juzi nilimwambia maza kwamba nimepata chumba Mbagala, nataka nikaanze maisha. Akajibu, "Vizuri baba, umeshakuwa mkubwa, nenda tu." Maneno matamu, au siyo? Lakini alijibu bila kunitazama, sufuria akaibwaga chini kwa kishindo, na usiku tulikula kimya kama tuko matangani. Nikasema basi nabaki. Akasonya: "Kijana mzima unang'ang'ania nyumbani?" Hapo nikachanganyikiwa. Nikienda kosa, nikibaki kosa!

Kumbe wasomi walishaliona hili. Mwaka 1956 huko Marekani, mtaalamu Gregory Bateson na wenzake waliandika kuhusu kijana aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili. Mama yake alipokuja kumtazama, kijana alifurahi, akamwekea mkono begani. Mama akakakamaa. Kijana alipoondoa mkono, mama akamuuliza kama hampendi tena. Sasa afanye nini? Bateson na wenzake walidhani mawasiliano ya namna hiyo ndiyo yanachangia ugonjwa huo. Hilo halikuthibitishwa baadaye, kwa hiyo tusiwabebeshe mama zetu lawama. Ila kuhusu mtego wenyewe walisema kweli: unabana zaidi pale ambapo huwezi hata kuuliza.

Basi nikaamua kuuliza. Nilimkuta jikoni anachambua mchele, nikakaa, nikasema kwa adabu, "Mama, mdomo wako unaniambia niende, lakini uso unanikataza. Nisikilize kipi?"

Alinyamaza weee! Kisha akasema taratibu, "Tangu baba yako afariki, luku unanunua wewe. Madaftari ya mdogo wako, wewe. Niliona aibu kukuuliza tutaishije."

Kumbe ilikuwa hofu, na mimi nilisoma hasira! Tumekubaliana kila mwisho wa mwezi nitaleta chochote nilichojaliwa, na Jumapili nakula kwake. Jumamosi nahama, na godoro kanipa yeye mwenyewe.

Na wewe ukiambiwa "sina neno" huku mlango unabamizwa, usinune na usikimbilie kijiweni kulalamika. Kaa, uliza, tena kwa upole. Tukutane wiki ijayo!